Mashine Anataka Gari Lingurume

Benchi letu ni ubao mmoja juu ya matofali, mbele ya kibanda changu cha kushona viatu. Kahawa inatoka kwenye chupa ya Wakili, kinyozi wa jirani, ambaye hajawahi kushindwa hoja kwa sababu mwenye wembe habishiwi. Kipimo ni fundi cherehani. Futi haitoki shingoni mwake hata akienda msibani. Wa tatu ni Mashine, aliyewasagia unga watu wa mtaa huu miaka thelathini. Mwezi uliopita aliuza kinu chake akanunua gari la spoti, jekundu, la viti viwili, jipya kabisa. Nampenda yule mzee, nisifiche. Siku moja alikuja nalo, akaliegesha mbele yetu, akaliacha linawaka kama anavyofanya siku zote, nasi tukadhani anaringa. Fundi wa ekzosi alikuwa njiani kuja kuikata ili gari lingurume. Sisi tulikuwa na chupa moja tu ya kahawa ya kumzuia.

— Mashine, — nikaanza, — viti bado vina plastiki. Unalikata la nini?

— Halina sauti, — akajibu kwa kupaza sauti, kama kawaida yake. Watu wa vinu ndivyo wanavyoongea, tulishazoea. — Nataka nilisikie.

— Simba mwenda kimya ndiye mla nyama, — Wakili akasema.

— Na gari kimya ndilo mla watu, — akadakia Kipimo. — Mimi namuunga mkono. Ila asikate. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Aache kujaza mafuta, litavuma lenyewe.

— Litavuma likisukumwa?

— Kitambaa kikishakatwa hakirudi, Wakili. Mimi ndiye ninayejua mambo ya kukata.

— Hujui kitu. Ekzosi ikikatwa, gari linapumua vizuri. Likipumua vizuri, halili mafuta. Ukikata kwa ustadi, linaweza hata kurudisha mafuta kwenye tangi.

— Mimi nasema asubiri, — nikatia langu. — Kimya kingi kina mshindo mkuu. Miaka miwili haifiki, litanguruma bila msumeno.

— Na kuku? — Wakili akauliza. — Wakishtushwa kila asubuhi watataga mayai yasiyo na kiini.

— Yenye viini viwili, — Kipimo akamsahihisha. — Hofu huzidisha.

Mashine alikuwa anatutazama kwa furaha, macho yakihama mdomo hadi mdomo. Wakili akamgeukia, kikombe mdomoni.

— Kwani mkeo umemwambia?

— Jumamosi, — Mashine akajibu.

Tulicheka hadi ubao ukatikisika.

— Mwacheni, — Wakili akasema. — Sikio la kufa halisikii dawa.

Mashine naye akacheka, akichelewa kidogo.

Fundi wa ekzosi akafika, mama wa makamo mwenye ovaroli, msumeno kwenye mfuko. Akatuamkia, shikamoo. Mashine akaendelea kulitazama gari lake. Yule mama akamgusa bega.

— Marahaba, mwanangu, marahaba.

— Kabla sijakata, baba, nilisikie kwanza, — akasema, akionyesha gari kwa kidole.

Mashine akaingia upesi kama kijana. Magari ya siku hizi huwashwa kwa kitufe, na kitufe hichohicho ndicho cha kuzima. Akakanyaga breki, akabonyeza. Gari, lililokuwa linawaka tangu alipokuja, likazimika. Akatoa kichwa dirishani, uso umejaa tabasamu.

— Mnasikia?

Wakili aliangalia ndani ya kikombe chake.

— Tamu, eeh? — Mashine akasema. — Ila nataka iwe kubwa zaidi.

Lile neno la sikio la kufa likanirudia, nikaona aibu kwa jinsi nilivyolicheka. Yule mama akaweka mfuko chini, akatugeukia sisi.

— Hasikii tangu lini?

Miaka tisa tunakaa naye ubao mmoja. Hakuna aliyejua.

Yule mama hakutusubiri. Akamwonyesha Mashine breki, akamwonyesha kitufe, gari likawaka. Kisha akamtoa nje, akaushika mkono wake, akaulaza juu ya boneti. Mashine akasimama hivyo, kichwa kimeinama, kiganja kimetulia.

— Kumbe ipo, — akasema kwa sauti ya chini. Hatukuwahi kumsikia akiongea chini.

Mama akainua msumeno, akauliza kwa macho. Mashine akakataa kwa kichwa, bila kuondoa mkono.

Wakili akaenda akasimama mbele yake, uso kwa uso.

— Nisamehe, kaka. Nitakupeleka kwa daktari wa masikio. Twende lini?

Mashine alimtazama midomo kwa makini.

— Jumamosi, — akasema.

Gari lina viti viwili. Kahawa iliisha tukiwa bado tunagombea kile cha pili.

Kesho yake nilitafuta ubao mwingine na matofali manne, nikauweka mkabala na ule wa zamani, ili tukiongea Mashine atuone midomo. Wakili bado anabisha. Ila siku hizi anabisha polepole, na kikombe anakiweka chini kwanza.