Bawa la Kushoto Likatwe

Sogezeni viti, wanangu, Maren huku karibu na mkono wangu na wewe Karsten hapo miguuni ninapoweza kukuona uso, maana sauti imebaki kidogo na sitaki neno lidondoke njiani.

Nyumba hii na malisho mpaka kijitoni ni ya Maren, aliyeacha kazi yake mjini akarudi Wisconsin kunigeuza kitandani. Ghala na vifaa vyote vya useremala ni vya Karsten. Mama yenu Ardis aliyakubali haya kabla hajafariki, kwa hiyo yasiwagombanishe. Ndege tunayoiunda ghalani ni yenu wote wawili, na hiyo ndiyo inayoninyima usingizi, wala si kifo.

Karsten, umekigeuza kitanda changu kielekee dirishani, ukadhani sijui sababu. Nilikusikia jikoni ukimwambia dada yako, "Jumamosi upepo utatulia. Nitairusha, mzee aione kabla hajaondoka." Nimekuelewa, mwanangu, na moyo umenijaa. Lakini nisikilize. Jana nilimwomba Maren aniletee vile vipande vya majaribio, maana niliwafundisha kwamba kila mkichanganya gundi mpime kwa mizani, si kwa macho, kisha mgundishe vipande viwili vya mbao ileile vikauke pamoja na kazi yenyewe. Mkivivunja na mbao ikachanika, gundi imeshika. Gundi ikiachia na mbao ikabaki safi, hapo hakuna kiungo. Kile cha mhimili wa bawa la kushoto, boriti inayolibeba bawa zima, nilikivunja kwa mikono hii ambayo haiwezi tena kushika kijiko cha supu. Kiliachana kama biskuti. Jiko la ghalani lilizimika wiki ile ya barafu, na gundi ile haishiki kwenye baridi.

Ukaniambia, "Baba, ni kipande kimoja tu, na bawa limeshafunikwa." Ndiyo, limefunikwa, na kile kitambaa cha nyuzi za kioo kinang'aa mpaka mtu anaweza kunyolea ndevu hapo. Mhimili ulio ndani haujali mng'ao. Bawa hilo likatwe, mhimili utolewe.

Mnamkumbuka Lowell Brekke: alibadilisha kiti cha ndege yake, asiipime uzito upya, mkia ukazidi uzito, akaanguka nayo akafa. Mkewe aliniuliza kanisani, "Haraka ilikuwa ya nini, Verlyn?" Usimfanye mtu aje kumuuliza Maren swali hilo.

Mkishaunda mhimili mpya, msifunike bawa kabla hamjamwita Gordie Hauge wa ng'ambo ya barabara. Najua, alinishtaki kwa kelele za injini, na tangu hapo tunapishana dukani kama miti. Mwiteni hivyo hivyo, mpeni kahawa, mwambieni ni mimi niliyemtuma. Ameunda ndege mbili, na hanipendi. Atatafuta kosa langu mpaka alipate, na jicho kama hilo ndilo mnalolihitaji.

Rangi iwe nyeupe, kwa sababu rangi nyeusi hula jua na kulainisha gundi na povu gumu lililo chini yake. Msizibe vitundu vya kutolea maji chini ya mabawa. Mbao huoza ndani na nje hamwoni kitu. Pimeni uzito tena baada ya rangi, kila gurudumu kwenye mizani yake. Kwanza ikimbizeni nyasini tu, siku nyingi, mpaka mchoke. Na siku ya kuruka apande mmoja, mwingine abaki chini.

Maren... maji. Kidogo tu. Basi.

Usiniangalie hivyo, Karsten. Sitaiona ikiruka, nimeshakubali, na wewe ukubali. Nikifa nikijua unakwenda kuipandisha Jumamosi nitakufa na hofu, na hofu hiyo... siwezi kuibeba, baba. Sina nguvu hizo.

Mungu awatunze wote wawili. Mpendane. Maren, mvumilie kaka yako, ana haraka, lakini hana ubaya. Mnizike kando ya Ardis, bila hotuba ndefu.

Sasa nenda ghalani, Karsten. Sasa hivi, kabla sijalala. Mlango uache wazi, nataka kusikia msumeno.

Maren, amekwenda? Fungua dirisha. Baridi hainidhuru tena.

Bado sisikii.

Bado... Ehe. Huo. Kata, mwanangu. Kata.