Nguvu za Sajini na Mbuzi wa Mama Mbuke

Kijiwe cha Mzee Athumani kilikuwa gogo moja, jiko la mkaa na birika la kahawa, pale njia panda ya kwenda mgodini Geita. Jioni ile Thobias alikaa mwisho wa gogo, koti la ulinzi begani, mikono mitupu. Rungu aliliacha nyumbani. Sajini Theonest, aliyerudi kutoka vita vya Burma na mchezo wa kuangusha watu bila kuwagusa, aliwaambia wanafunzi wake kwamba silaha hufukuza nguvu. Asubuhi alinyoosha kiganja uwanjani, wanafunzi wakaanguka, Thobias akiwamo. Sasa zamu ya stoo ya mgodi ilikuwa inamngoja, stoo ile ile ambako mlinzi aliyemtangulia alipasuliwa kichwa na wezi. Thobias aliogopa, ila hakutaka ionekane.

— Ulisukumwa au hukusukumwa? aliuliza Januari, ambaye kwa kupenda habari walimwita Gazeti.

— Nilianguka.

— Hilo tuliliona sote. Nauliza, ulisukumwa?

Thobias alijaribu kukumbuka. Wa mbele yake alianguka, kisha wa pembeni. Kubaki wima peke yake mbele ya mkubwa kungekuwa utovu wa adabu.

— Kama kuna kitu kilinipitia.

— Upepo huo. Sajini anaukusanya tumboni. Ndiyo maana hagusi maharage, upepo usije ukagombana na mwenzake.

Maduhu alicheka. Kazi yake shimoni ilikuwa kuwasha tambi za baruti, nao walimwita Baruti.

— Upepo gani, bwana. Sisi wa mgodini tumemeza vumbi la dhahabu mpaka mifupani. Sajini anaiamsha dhahabu ya chini, inamwita ndugu yake aliye mifupani. Miguu itakataa? Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Ndiyo maana mlianguka mmoja mmoja.

— Mimi nimesikia huko Burma aliangusha ndege, alisema Mzee Athumani akimimina.

— Kunguru? aliuliza Gazeti.

— Ya chuma. Na rubani ndani.

Hapo akafika Mama Mbuke, muuza karanga, akihema.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mama.

— Mbuzi wangu mweusi ana mimba. Jirani kaniambia asubuhi alikata kamba, akapita uwanjani katikati yenu na Sajini, wakati anazitupa zile nguvu. Nimekuja kuuliza tu. Alianguka?

Thobias alikuwa amelala vumbini wakati ule, na kwato zilimpita karibu na pua. Mbuzi alikuwa anatafuna.

— Hakuanguka, alisema.

— Mungu ashukuriwe. Kwa nini sasa yeye hakuanguka?

Gazeti alitazama barabara. Baruti alikohoa.

— Mbuzi hajashuka shimoni, mama. Hana dhahabu mifupani.

— Na mimi sijawahi kushuka, alisema Thobias.

Baruti akachungulia kikombe chake, kisha akakinyoosha kuomba kingine. Mzee Athumani aliinamisha birika. Yalitoka mashapo tu.

Thobias akasimama, akavaa koti.

— Mama Mbuke, tuongozane. Napitia nyumbani.

— Si una zamu, baba?

— Ninayo. Nimesahau rungu.