Asiya na Hazina ya Callixte

Baada ya miaka ishirini na mitatu katika kituo chetu cha kompyuta, Asiya Tajudini anastaafu tarehe 30 Juni 2005. Aliingia akiwa mchapaji wa takwimu. Anaondoka akiwa msimamizi wa programu inayotafuta jamaa waliopotezana vitani.

Programu hiyo ina sehemu mbili. Ile kubwa hupokea majina kutoka makambini. Ndogo, iliyoandikwa na mwenzetu Callixte, hutambua kwamba majina yaliyoandikwa tofauti huenda ni ya mtu mmoja. Kila sehemu ina hazina yake ya msimbo, yaani mahali maandishi ya programu yanapotunzwa pamoja na historia yake, na Asiya ndiye aliyeiweka hazina ndogo ndani ya kubwa. Lakini kubwa haibebi nakala ya ndogo. Inakumbuka tu ilipo na toleo lipi litumike.

Mwezi Januari mwaka huu, Callixte aliuawa akirudi nyumbani Kanyosha. Wiki iliyofuata tulihamishia nakala za akiba kwenye mashine mpya huko Kigobe. Tulipozifungua, folda ya Callixte ilikuwa tupu, na mashine ya zamani ilikuwa ikingoja kufutwa. Asiya aliiwahi, akaitoa humo hazina ya Callixte. Aliporudi alitutazama mmoja mmoja.

“Mumebeba adresi,” alisema, “nyumba mumeiacha.”

Ilikuwa mara yetu ya kwanza kucheka tangu mazishi.

Mkuu wetu, Jovithe, aliamua tuumwage msimbo wa Callixte ndani ya hazina kubwa, tubaki na moja. Asiya alikataa. Katika hazina ndogo kila badiliko lina jina la aliyelifanya. Ukinakili, linabaki jina la aliyenakili.

“Chef, ukiimwaga mule, programu itapona. Callixte apana.”

“Na we ukienda, nani atachunga mbili?”

Kuanzia kesho yake Asiya alikaa na Sumaya wa chumba cha takwimu kila alasiri, hadi Sumaya akaweza kuandika toleo jipya la hazina ndogo na kuielekeza ile kubwa kwenye toleo hilo bila kuuliza. Mwezi Mei Jovithe alifuta uamuzi wake.

Wiki iliyopita Asiya alirekebisha kosa moja ndani ya hazina ndogo, badiliko la kwanza humo lenye jina lake. Alilijaribu kwa Callixte, Calixte na Kalisiti. Programu ilijibu: mtu mmoja.

Asante, Asiya. Uishi salama na wanao huko Nyakabiga. Callixte yuko pale ulipomwacha, na Sumaya anajua njia.