Mwalimu Elinaja Hakuvujisha Mtihani

Mchungaji, wafiwa wenzangu, majirani, Watanzania wa London na wote mliofika hapa Lewisham leo Jumamosi, tarehe 22 Novemba 2025, kwa treni, kwa mabasi, na wengine kwa magari mliyoyaegesha mahali ambapo mtapigwa faini, poleni na asanteni. Mimi naitwa Lusekelo Mwakalinga, nimemwoa mdogo wake marehemu, na familia imenituma niisome historia ya shemeji yangu, Mwalimu Elinaja Elieza Mshana, kwa sababu, walivyosema wenyewe, ni mimi peke yangu ninayeweza kusoma bila kulia na bila kumwogopa mtu. Hilo la kwanza sina hakika nalo. La pili nitalihitaji, maana kuna neno limetembea katika jamii yetu kwa miaka kumi na moja, kwamba Mwalimu alifukuzwa kazi kwa kuvujisha mtihani, na familia haiko tayari kumzika pamoja na neno hilo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1957, Usangi, katika milima ya Upare, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa Mzee Elieza Mshana, aliyekuwa seremala, na Mama Navoneiwa, aliyekuwa mkulima na mwimbaji wa kwaya, na wote wawili wametangulia mbele za haki. Alianza shule ya msingi kijijini kwao mwaka 1965 na kumaliza mwaka 1971, na huko ndiko alikofundishwa Kiingereza na mwalimu Mpare, kwa Kipare, kutoka kwenye kitabu, akakipenda kwa macho kabla hajawahi kukisikia kinywani mwa mwenye nacho.

Mwaka 1972 alijiunga na sekondari ya wasichana kule Moshi, na mwezi wake wa kwanza pale ulimpata mkasa ambao alikuwa akiusimulia huku akicheka, ingawa sisi tuliomfahamu tulijua kwamba kicheko hicho kilikuwa na jiwe ndani. Katika jaribio la kusoma alikuwa wa kwanza darasani, lakini mwalimu aliyetoka Ulaya alipomuuliza maswali kwa mdomo hakuelewa hata moja, basi mwalimu yule akaamua kwamba binti huyu amenakili, akamsimamisha mbele ya wenzake kipindi kizima. Elinaja alisimama pale bila kujua amekosa nini, kwa kuwa hata shtaka lenyewe lilisomwa kwa Kiingereza, mpaka wenzake walipomfafanulia wakati wa chakula cha mchana.

Alimaliza kidato cha nne mwaka 1975 na cha sita mwaka 1977, akaenda Jeshi la Kujenga Taifa, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikotunukiwa shahada ya ualimu mwaka 1982, na mwaka huohuo akapangiwa sekondari moja ya Tanga kufundisha Kiingereza. Tarehe 19 Desemba 1987 alifunga ndoa takatifu na Ndugu Mbazi Mrutu katika kanisa la Kilutheri la kwao Usangi, na Mwenyezi Mungu aliwajalia watoto wawili, Irene, aliyezaliwa tarehe 3 Mei 1991, na Anaeli, aliyezaliwa tarehe 22 Novemba 1994, ambaye leo anatimiza miaka thelathini na moja akiwa ameshika picha ya mama yake, pole sana, baba.

Watoto wote wawili ni wazaliwa wa hapahapa London, maana Septemba 1989 Mbazi alikuja kusoma, mkewe akamfuata, wakaishi kwanza Hayes, ambako Mbazi alifanya kazi katika maghala ya uwanja wa ndege, na mwaka 1996 wakahamia Lewisham, katika nyumba ambamo wengi wenu mmekula makande mpaka mkasahau basi la mwisho. Mwalimu alikuwa akifundisha Kiingereza jioni kwa wageni wa mji huu, nikiwemo mimi, na nitakiri kwamba alinifelisha. Mbazi alituacha tarehe 6 Februari 2012, na dada yetu akabaki mjane, asiyependa kuitwa mjane.

Sasa niseme habari ya kazi, na hapa naomba simu zizimwe. Mwaka 2001, kwa kuongozwa na rafiki yake Surjit, mzaliwa wa Tanga ambaye Kiswahili chake kinatuaibisha wengi humu ndani, marehemu aliajiriwa katika ofisi moja ya katikati ya London inayotunga mitihani ya kupima kusikiliza na kusoma Kiingereza, na yeye akawekwa upande wa wanafunzi wa sekondari ambao lugha yao ya nyumbani ni Kichina, wa kutoka Taiwani, Hong Kong na China bara, wanaotaka kusoma katika shule za nchi hii. Ni kazi ya subira, kwa sababu swali moja hutungwa, hujaribiwa kwa wanafunzi, hukataliwa, hutungwa upya, na mtunzi asipokuwa mwangalifu hujikuta anapima kama mtoto anaijua London badala ya kupima kama anaelewa alichoambiwa. Kila mfanyakazi mpya aliyekuja chini yake, marehemu alimkalisha kwanza akamsikilizisha habari ya Kiswahili, mara moja tu, kisha akamtaka ajibu maswali, na watu wazima wenye shahada zao walitoka pale wakifuta jasho, wakiwa na heshima mpya kwa mtoto wa miaka kumi na minne aliyevaa vipokea sauti katika chumba kigeni. Surjit, aliyekuwa akifanya kazi palepale, alijaribu akapata yote, akaambiwa hahesabiwi.

Mwaka 2009 marehemu alifanywa mwenyekiti wa kamati ya matokeo, na Mei 2014 likaja lile jambo. Wanafunzi kumi na mmoja kutoka Taiwani, waliokuwa wameshaanza kusoma katika shule moja ya kusini mwa London, walifanya mtihani siku moja katika ukumbi mmoja, wakapata alama za juu sana katika kusoma na alama za chini sana katika kusikiliza, na kompyuta ikawawekea alama ya kutiliwa shaka. Wajumbe wa kamati walisema mtu hawezi kusoma hivi na kusikia vile, kwa hiyo wamenakili, na matokeo ya kusoma yafutwe kwa wote, jambo ambalo lingewarudisha makwao wote kumi na mmoja. Marehemu alikataa kutia sahihi. Aliwaeleza kwamba mtoto aliyefundishwa lugha kwa macho atasoma vizuri na kusikia vibaya bila kuiba chochote, kwamba tofauti ya alama si ushahidi, na kwamba warudie mtihani mbele yake, na akaongeza maneno ambayo Surjit aliyasikia kwa masikio yake na kumwomba ayarudishe, kwamba akipatikana hata mmoja aliyenakili, yeye atatoka kwenye kiti.

Walirudia, na kumi walisoma vilevile kama mara ya kwanza. Mmoja hakuweza.

Mbele ya kamati marehemu hakumficha mtoto huyo wala hakujificha yeye, aliandika kama alivyoona, matokeo ya yule mmoja yakafutwa, ya kumi yakasimama, naye akaachia kiti kama alivyoahidi, ingawa hakuna aliyemdai. Lakini kuachia kiti si kuacha kazi, angeweza kubaki mtunzi wa kawaida mpaka astaafu. Kilichomtoa ni kwamba siku ileile mtoto aliyeanguka, msichana wa miaka kumi na minne aliyekuwa akiishi Lewisham kwa shangazi yake mwenye duka la vyakula, alimsubiri nje ya ukumbi akamwomba amfundishe, kwa sababu shule ilimpa mwaka mmoja tu wa kujirekebisha, na sheria ya ofisi ilikuwa wazi, mtahini hafundishi mtahiniwa. Marehemu alitafakari wiki kadhaa, kisha akachagua, akaandika barua ya kuacha kazi, na tarehe 30 Septemba 2014 akatoka katika ofisi ile kwa miguu yake mwenyewe, kwa keki na hotuba, na picha zipo.

Basi ikawa kila Jumamosi msichana wa Kichina anaonekana akiingia nyumbani kwa Mwalimu na begi mgongoni, na Mwalimu hana kazi tena, na sisi Watanzania tunavyojua maana ya mtihani kuvuja, hatukuhitaji kuelezwa. Mtu alijumlisha, mwingine akanogesha, na kufikia Krismasi ilishasemwa mpaka Birmingham kwamba Mwalimu Elinaja aliwauzia Wachina mtihani, na wazazi waliokuwa wakimletea watoto wao masomo ya ziada hapa kanisani wakawaondoa mmoja mmoja, kwa visingizio vya mafua. Nasema haya bila kumtaja mtu, mnajijua, na makande mtapewa kama wengine.

Yeye alinyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kulikotuumiza nyumbani, maana tulijua hakuiba ila hatukujua kwa nini hasemi. Irene alimbana siku moja jikoni, kwa Kiingereza chake, “Mum, just tell them,” yaani waambie tu, na mama yake, bila kuacha kuchambua maharage, akamjibu, “Mwanangu, mimi jina langu limeshakomaa, litajitetea lenyewe au litakufa. Kuna la mtu mwingine ndiyo kwanza linaota.” Akabadilisha mazungumzo, na Irene hakuelewa jibu hilo kwa miaka kumi na moja.

Tumelielewa Jumatano ya wiki iliyopita. Tukiwa msibani, aliingia mwanamke kijana wa Kichina, ambaye Irene na Anaeli walimjua tu kama mwanafunzi wa Jumamosi, akavua viatu mlangoni, akachukua kanga ya marehemu nyuma ya mlango wa jikoni pasipo kuuliza iko wapi, akajifunga, akakaa na akina mama kuchambua maharage. Wengine walimtazama vibaya, na akawaacha wamtazame. Kazi ilipokwisha aliomba familia ikae, akasimama mbele yetu akasema kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Upare, “Shikamooni. Mimi ndiye niliyenakili. Mama hakuvujisha kitu, alikuwa ananificha mimi, na angesema neno moja tu la kujisafisha, kila mtu angejua ni mimi. Nilimwomba aseme nilipofika miaka kumi na minane, akakataa. Sasa hawezi kunikataza. Semeni kanisani, na jina langu mlitaje.”

Jina lake ni Hsu Pei-shan, ameketi mstari wa mbele kati ya Irene na Anaeli, na kwa agizo lake nimelitaja. Mtakaomwuliza Kiswahili amekitoa wapi, amekitoa jikoni mwa marehemu, ambaye aliona kwamba masikio ya mtoto hayafunguki kwa kukaa mbele ya kanda, yanafunguka kwa kukaa katikati ya watu wanaosemeshana, akamweka katika nyumba ambamo mama anauliza kwa Kiswahili na watoto wanajibu kwa Kiingereza, kwa hiyo kila Jumamosi binti huyu alikuwa akisikia swali kwa lugha moja na jibu kwa lugha nyingine, akajikuta ameambulia zote mbili. Mtihani alirudia Juni 2015 kwa watahini wengine, akafaulu kusoma na kusikiliza, na sasa ni mwalimu wa Kiingereza wa watoto wageni hapahapa London. Familia ilipomshukuru kwa ujasiri wake aliangua kilio, na mimi niliyesifiwa kwamba silii, niachieni hapo.

Ugonjwa wa dada yetu ulianza kwa uchovu na kupungua mwili, na mwezi Machi 2024 madaktari walibaini saratani ya ini, akatibiwa kwa uvumilivu mkubwa, akiwasahihisha wauguzi namna ya kulitamka jina lake, mpaka Septemba mwaka huu alipoomba arudishwe nyumbani. Alifariki dunia Jumapili, tarehe 9 Novemba 2025, asubuhi, kitandani kwake, watoto wake wakiwa pembeni, akiwa na umri wa miaka sitini na minane. Ameacha watoto wawili, mjukuu mmoja, ndugu wanne, na binti mmoja ambaye tumechelewa kumhesabu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali, hususan wale waliokuwa wakija nyumbani kwenye mvua kumchoma dawa za maumivu, inamshukuru jirani Nazneen, aliyekuwa akipitisha supu juu ya uzio kwa sababu alisema kuzunguka mlangoni inapoa, na akina mama wa kanisa hili, pamoja na Surjit na wafanyakazi wote wa ile ofisi waliofika leo kumsindikiza mwenzao, jambo ambalo nadhani watu hawamfanyii mwizi wao. Ambao hatukuwataja, mtusamehe, Mungu amewaona.

Mimi naishia hapa, na Zaburi itasomwa na Pei-shan, kwa Kiswahili. Akikosea neno tusimsahihishe, maana mwenye haki hiyo ndiye huyu tunayemsindikiza. Mwalimu Elinaja, hukutaka kujisemea, na sasa umesemewa, pumzika kwa amani, dada yetu.