Sauti ya Fardosa Imeuzwa

Pale Bondeni, kwenye kona ya duka la magodoro, kuna benchi lisilokosa watu tangu alfajiri. Mwenye birika ni Fardosa, na kahawa yake ya tangawizi ndiyo inayowakusanya. Mwisho wa benchi huketi Waziri. Jina lake ni Muhidin, na hajawahi kuwa hata chifu, ila hakuna siri ya serikali asiyoijua. Kando yake ni Kipruto wa bodaboda, aitwaye Network kwa sababu habari humfikia kabla hazijatokea. Upande wa jiko ni nafasi ya Gedion, ambaye haoni tangu utotoni. Alifika hapo miaka mitatu iliyopita akipita tu na fimbo yake, akamsikia Fardosa akimwambia mteja, "Ngoja, ni moto." Akasimama ghafla. "Dada," akauliza, "si ni wewe hunisomea?"

Ndiye. Wakati kampuni ya Nisomee ilikuwa bado vijana wanne na kompyuta mbili juu ya duka la dawa za mifugo, walimweka Fardosa mwezi mzima kwenye chumba kilichozibwa kwa mablanketi, akasoma maneno hadi koo likakauka. Tangu hapo, asiyeona akielekeza simu kwenye barua au paketi ya dawa, simu humsomea kwa sauti ya Fardosa. Kampuni ikakua, ikahamia Nairobi, ikawa ya kutajwa ya kwanza nchini. Asubuhi hiyo redio ilitangaza kwamba imenunuliwa yote na watu wa ng'ambo.

— Chema chajiuza! akasema Waziri. Wahenga waliona mbali. Si imejiuza?

— Mzee, hiyo methali inasifu ama inalaumu? akauliza Kipruto.

— Inategemea umeketi upande gani wa benchi.

— Mimi naskia hawataki hata hiyo kampuni. Wanataka sauti ya huyu mathe wetu. Wataiweka kwa magari zao huko, iwaambie kata left, kata right.

— Fikiria mambo makubwa, Network! Mtu akiwa na sauti yako ana nusu ya roho yako. Kesho utaskia Fardosa kwa redio akiomba kura, na yeye yuko hapa anaosha vikombe.

— Na kwa ndege! Aambie wazungu wafunge mikanda.

— Kwa Kiswahili? Watafunga milango.

Fardosa alicheka nao, lakini moyoni hakucheka. Alikumbuka zile karatasi alizotia sahihi, nyingi, zote za Kizungu, na yeye siku hiyo akikimbilia nyumbani kwa mtoto mwenye homa. Hakuwa na kinyongo na wale vijana. Walimheshimu, na malipo yao ndiyo yaliyonunua jiko hili na birika hili. Kila akiwasha makaa aliwaombea dua. Ila hakujua kama mtu anaweza kuuzwa bila kuinuka kwenye kiti chake.

Ndipo akaona kikombe cha Gedion hakijaguswa.

— Gedion, kahawa inapoa.

— Imebadilika, dada. Simu ilijiapdeti jana jioni. Si wewe tena.

Akabonyeza ujumbe ulioingia usiku. Ikatoka sauti ya mwanamume, ya haraka, ikiyavunjavunja maneno ya Kiswahili kama mtu anayetafuna changarawe. Hakuna aliyeelewa kitu ila maneno mawili: hospitali, na damu. Kipruto alianza kucheka, akaacha.

— Lazima ni Wangare, akasema Gedion polepole. Binti yangu, anayeishi Karagita. Alikuwa karibu kujifungua. Nampigia tangu usiku, simu yake imezimwa. Namba iliyotuma hii nayo haishikwi.

Walijua wote kwamba Gedion hampi mtu simu yake. Zamani binamu yake ndiye aliyekuwa akimsomea, akiruka anachotaka na kutangaza mtaani anachotaka. Nisomee ndiyo iliyomtoa kwenye aibu hiyo.

— Hii ni mbinu, Waziri akanong'ona. Wageni wanaanza kwa kutuficha habari. Samaki mkunje angali mbichi.

— Tuwapigie head office, akasema Kipruto.

— Head office gani? Saa hii huko kwao watu wamelala.

— Basi tuwaandikie barua.

— Kwa lugha ya nani?

Kulikuwa na mwanamke ameketi pembeni na mkoba wake, jina lake Jackie, amepita tu kunywa kikombe kimoja kabla ya kupanda gari la Eldoret.

— Samahani, akasema. Mimi ni mgeni hapa. Lakini mwenye sauti si ni huyu anayemimina kahawa? Mbona hasomi yeye?

  Waziri na Kipruto wakamgeukia Gedion.

 Gedion akainyoosha simu kuelekea jikoni.

— Sauti yako imeshasoma siri zangu zote, dada. Soma na hii.

Fardosa akafuta mikono kwenye leso, akasogea, akamsomea sikioni, taratibu:

"Baba, usishtuke. Nilipoteza damu nyingi lakini hapa hospitali wameniongezea. Nimejifungua msichana. Simu yangu imeisha chaji, hii ni ya nesi. Sisi wawili tuko salama."

 Akalirudia neno la mwisho: "Salama."

 Machozi yalimshuka Gedion hadi kidevuni wala hakuyapangusa.

— Ni msichana, akawaambia wenzake mwenyewe. Wote wazima.

— Alhamdulillahi! Waziri akapiga paja, akasahau wageni na njama zao. Kipruto akainuka akamkumbatia Gedion na kofia yake ya bodaboda kichwani.

— Asante, dada, akasema Gedion. Na ya hiyo miaka mitatu, asante. Sikuwahi kukuambia.

— Na mimi sikuwahi kujua nilikuwa nakusomea nini, akasema Fardosa. Kesho ukipata nyingine, njoo nayo.

— Nisomee tena hii kwanza.

Akamsomea tena, na tena. Alipolikumbuka birika, kahawa ilikuwa imekauka, imebaki ya kikombe kimoja tu. Hakuna aliyelalamika. Akampa Jackie.