Harambee ya Kikombe cha Norman

Kijiwe chenyewe ni benchi ya mbao iliyoegemea ukuta nyuma ya maduka ya Adams Arcade, na ikigonga saa kumi jioni ukikosa nafasi unasimama. Cate, muuza kahawa, huwamiminia hadi birika liishe. Likiisha na mwenzao achelewe, hufanywa harambee: kila mmoja humpunguzia kidogo kutoka kikombe chake. Desturi hiyo aliianzisha Norman, mchelewaji wao mkuu, na kikombe chake cha bati chenye ua la buluu bado kinaning'inia kwenye msumari. Kibe, wanayemwita Daktari, hutembea na chupa ndogo iliyofungwa kwa gazeti, na Cate akigeuka tu, anatia kila kikombe "dawa ya kifua". Ni pombe kali, na hakuna anayeumwa kifua. Lakini ukiwaambia ni walevi watakushukia wote, maana wao, jamani, wanakunywa kahawa.

Siku hiyo Haron, fundi viatu anayeitwa Mheshimiwa kwa kupenda kuhutubu, alikuwa amefura. Norman alikuwa amepelekwa rehab, kituo cha kuwaachisha watu pombe, kwa siku tisini, nazo zilikuwa zikielekea kuisha, na Haron alilichukulia jambo hilo kama tusi kwake binafsi.

— Siku tisini! Mtu mzima, ako na bibi, wanakuja kumbeba asubuhi na gari kama mwizi!

— Shida ilikuwa kazi, alisema Sifuna, anayeitwa Engineer ingawa hutengeneza simu tu. Miaka kumi na moja kwa ofisi huko tao mjini, halafu wanamfuta na SMS. SMS, buda!

— Wacha SMS, Kibe akadakia. Mimi nalaumu Debra. Bibi gani anafungia bwanake?

— Debra hana makosa, Haron akampinga. Ni ghorofa. Hapo kwao Kilimani walijenga ghorofa mbele ya dirisha yake, jua haiingii tena. Msee bila jua si lazima atafute kitu ya kumpasha moto?

— Jua gani? Sifuna akauliza. Ni maji ya borehole, ya kisima! Ile maji iko na chumvi. Chumvi inaleta kiu. Na kiu inaleta nini?

— Na hiyo rehab, Kibe akaongeza, nimeskia wanachongeshwa majeneza. Ndio maana hawataki mtu atoke!

Haron akapiga goti lake kofi.

— Na hakuna mtu alituuliza! Sisi ndio tunamjua huyo msee. Sisi ndio family!

Kumjua walimjua. Norman alipofutwa kazi akaacha kulala, akaacha kuongea, akawa anakaa hapo benchini akitazama viatu vya wapita njia. Haron aliona, na alichofanya ni kumkonyeza Daktari amwongezee dawa. Huko rehab nako kulikuwa na siku ya wageni kila Jumapili ya pili, na hakuna hata mmoja wao aliyekanyaga. Haron alilikumbuka hilo katikati ya hasira zake, akazidi kupandisha sauti.

— Aibu! Aibu kubwa!

Kibe akazungusha dawa mara ya pili. Cate akainamisha birika, likatoa matone mawili.

— Kahawa imeisha, akasema.

Hapo ndipo mwanamke mmoja alipovuka kutoka upande wa pili wa barabara, mkoba begani.

— Mambo zenu. Mimi ni Lornah, dadake Norman.

— Karibu, dada! Haron akasimama. Norman ako wapi?

— Ametoka leo. Ako kwa hiyo gari nyeupe hapo ng'ambo. Amekataa kufika nyumbani kabla hajapita hapa. Counsellor, mshauri wake huko, alimuuliza akitoka ataegemea nani, akaandika majina zenu tatu.

Haron akalitazama gari, akatabasamu.

— Si ashuke basi!

— Anaogopa kidogo. Kule walimwambia tone moja linaweza kumrudisha pale pale. Mimi nilimwambia tusije, kwa sababu ya hiyo dawa yenu ya kifua. Akanikasirikia sana. Ati nyinyi ni watu wake, mlisikia ameenda rehab, kwa hivyo lazima mliiacha.

Kibe akaisukuma chupa chini ya benchi kwa kisigino. Lornah akakitungua kile kikombe cha bati, akakipangusa vumbi kwa shali yake.

— Kahawa imeisha, Cate akamwambia kwa upole.

— Najua. Alinieleza mnafanyanga harambee. Alikuwa ananihadithia hiyo kila nikienda kumwona.

Akakinyoosha kikombe mbele yao.

— Haya. Nani ataanza?

Sifuna akatoa simu mfukoni, akaitazama ikiwa imezima. Kibe akaangalia viatu vyake. Lornah akakisogeza kikombe cha bati hadi karibu na mkono wa Haron, akisubiri, na hasira yote aliyokuwa akiwamwagia wengine tangu saa kumi ikamrudia Haron mwenyewe, ikamchoma.

Ng'ambo ya barabara, kioo cha gari jeupe kikateremka. Norman, amekonda, amenyolewa vizuri, akatoa mkono akawapungia.

Haron alitaka kumpungia naye. Lakini mkono mmoja ulishika kikombe chake chenye dawa, na ule mwingine ulikuwa umekifunika.