Bi Punde na Sentensi Moja ya Ziada

Baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, mtangazaji wetu wa jioni, ambaye watazamaji na wafanyakazi sote tunamwita Bi Punde, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30. Jina hilo alijipa kwa mdomo wake mwenyewe. Hajawahi kukaribisha kipindi bila kusema "punde si punde", hata pale ambapo sisi mafundi tulijua fika kwamba kanda imekwama na punde hiyo ingetosha kuivisha maharage.

Kwa wafanyakazi wapya, wanaodhani televisheni hujiendesha yenyewe, inafaa kueleza kazi yake. Bi Punde hukaa katika chumba kidogo chenye kamera moja, kiti kimoja na ua la plastiki. Kila kipindi kikiisha, anatokea yeye kuwaambia watu wametoka kuona nini na wanakwenda kuona nini. Jioni yetu ni mchanganyiko mtupu: katuni za watoto, taarifa ya habari, mashauri ya daktari, mieleka, mchezo wa kuigiza, kisha muziki wa zamani. Vitu hivyo havina undugu hata wa mbali. Yeye ndiye aliyevikalisha meza moja bila ugomvi.

Mimi ninayeandika haya ni fundi wake wa sauti. Nimekaa upande wa pili wa kioo, vipokea sauti masikioni, miaka mingi kiasi kwamba naijua pumzi yake kuliko ninavyoijua ya mke wangu, na mke wangu analijua hilo.

Hakuajiriwa kutangaza. Alikuja kama karani wa mapokezi, kupokea simu na kuwaelekeza wageni vyooni. Jioni moja mtangazaji wa zamu alikaukwa na sauti kwa mafua, na mkuu wa zamu, maji yakiwa yamemfika shingoni, alimkumbuka yule dada wa mapokezi anayewapoza wanaopiga simu kwa hasira. Aliambiwa akae kwenye kiti kwa jioni ile tu. Mafua yalipokwisha, mwenye kiti alikuta watazamaji wamekwishaamua.

Hekaya zake ni nyingi, nitachukua mbili. Ya kwanza ni ya siku tulipochanganya kanda. Bi Punde alikuwa ameahidi ngoma za asili, nasi tukarusha mieleka. Tulipomrudia, hakupepesa jicho. Alisema kwamba ngoma ile, kama watazamaji walivyojionea, huchezwa na watu wawili, na kwa kawaida mmoja wao hushindwa kuinuka. Ya pili ni ya mchezo wa kuigiza uliokatika pale pale shangazi alipofungua mdomo kumtaja baba wa mtoto. Ilibidi Bi Punde amalizie hadithi kutoka kichwani mwake, na hakuwa na huruma: alimwozesha shangazi, akamfukuza shemeji, akamrudisha baba kutoka alikopotelea. Wiki iliyofuata tulirusha mwisho wenyewe, tukapigiwa simu za malalamiko.

Lakini mgema akisifiwa sana tembo hulitia maji, kwa hiyo nitasema na mengine. Bi Punde anatafuna karanga kazini. Mara mbili taifa zima limesikia. Kwenye mikutano ya asubuhi hajawahi kufika kabla ya chai, na akifika anauliza kwa nini tumechelewa kuanza.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo wengi mmelisikia nusu nusu.

Mumewe ni fundi cherehani. Blauzi zote mlizomwona nazo kwenye kioo cha televisheni alizishona yeye, na kila jioni alikaa sebuleni kukagua kola zake. Miaka michache iliyopita kumbukumbu zake zilianza kumponyoka. Kwanza yalipotea majina ya majirani, kisha ya wajukuu, kisha Bi Punde akirudi kutoka kazini akawa anaulizwa kwa adabu kabisa kwamba yeye ni mgeni wa nani. Hata hivyo mzee aliendelea kumfurahia kwenye televisheni. Alimsalimia, akamwitikia, akamsifu kwa binti yao mkubwa, anayekaa naye jioni, kwamba mama yule amevaa vizuri na fundi wake anajua kazi.

Wakati huo ndipo matangazo yake yalipoanza kuwa na sentensi ya ziada. Katuni zikiisha, atasema kinachofuata, halafu ataongeza kwamba baridi imeingia, uliyekaa karibu na dirisha uvae sweta. Baada ya mashauri ya daktari atasema sasa ni wakati wa dawa, meza na maji mengi. Sisi tulidhani ni ukarimu wake tu. Nchi nzima ilivaa sweta.

Mkurugenzi wa vipindi hakupendezwa. Alimwita na kumwambia kwamba chaneli ya umma si sebule ya mtu, na kwamba maneno yasiyo kwenye ratiba yakome. Bi Punde hakubisha. Jioni zilizofuata alisoma ratiba kavu kama alivyoagizwa, na mimi niliisikia sauti yake ikiwa na ukungu ambao hakuna kitufe changu kingeweza kuusafisha. Kisha simu ya studio ikalia, nikaipokea. Alikuwa binti yake, analia. "Mjomba, naomba Mama aseme ile ya dawa. Baba amefunga mdomo. Mimi nikimpa anatema, anasema anamsubiri yule mama wa kwenye kioo."

Nilimpelekea mkurugenzi habari hiyo, nikitarajia kufokewa. Watazamaji nao walikuwa wamekwishaanza kupiga simu kuuliza kwa nini hawakumbushwi tena. Mkurugenzi alishuka ngazi mwenyewe, akasimama mlangoni mwa kile chumba kidogo, akasema neno moja: "Sema." Tangu siku hiyo sentensi ya ziada imekuwa sehemu ya jioni yetu, na mzee amemeza dawa zake.

Mnaelewa basi kwa nini, umri wa kustaafu ulipokaribia, Bi Punde hakucheka kama wastaafu wengine. Wengine hupoteza kiti. Yeye alikuwa hatarini kumpoteza mume aliyebaki naye kupitia kioo tu. Tulimwahidi kumrekodia matangazo ya kumtosha mwaka mzima. Alishukuru, akasema mzee huuliza maswali, na kanda haijibu.

Mwanzoni mwa mwezi huu alichukua likizo yake ya mwisho, na mrithi wake akakalia kiti. Yaliyotokea nyumbani nimeyapata kwa binti yake, na Bi Punde mwenyewe ameniruhusu kuyaandika. Jioni ya kwanza mzee alimtazama mtangazaji mpya mpaka mwisho, akaenda kuangalia nyuma ya televisheni. Bi Punde alikuwa kando yake, dawa kiganjani, na mzee akamwambia, "Mama, samahani, wewe sikujui." Jioni ya pili ikawa hivyo hivyo, na dawa zikatemwa tena.

Jioni ya tatu, mashauri ya daktari yalipokwisha, Bi Punde alimwashiria binti apunguze sauti. Alinyoosha mgongo pale alipokaa, kwenye kiti cha kawaida, na kanga ya nyumbani begani. Akatangaza. Alimwambia mtazamaji wake mpendwa kwamba ametoka kumsikiliza daktari, kwamba punde si punde ataona mchezo wa kuigiza, na kwamba sasa ni wakati wa dawa.

Mzee aligeuka. Alimtazama mtu aliyekaa karibu naye, akautazama na mdomo wake, akanyoosha kiganja. Alipokwisha kumeza alisogeza kiti chake, akakigeuza kutoka kwenye televisheni, kikaelekea kwa mkewe. Akauliza kesho kuna vipindi gani. Bi Punde akamtajia vyote.

Kwa niaba ya uongozi, mafundi, waandishi, madereva na dada wa mapokezi wa sasa, tunakushukuru kwa kila jioni uliyotuunganishia. Tumekula karanga zako bila kuomba, tumekutupia makosa yetu hewani nawe ukayafunika, na hatukukuambia vya kutosha kwamba tunakupenda. Mungu akupe afya, akupe na subira, na maisha yako ya mbele yawe mema. Nenda nyumbani, Bi Punde. Ameshageuza kiti, anakusubiri.